Wa Nne Bado Yumo Ndani

CONSTANTIN: Haloo. Hapa ni kwa Constantin Mwepu, Ruashi. Nani yuko upande wa pili?

KEREN: Kambo, ni mie Keren, mujukuu yako. Jina yangu haionekane pa simu?

CONSTANTIN: Linaonekana kwa mtu anayeitazama simu. Mimi macho yangu yako kazini. Ngoja niiweke mezani, niifungue sauti. [kishindo, mkwaruzo] Haya, nakusikia. Ila salamu kwanza.

KEREN: Yambo, Kambo. Tulionana asubui, lakini uliamuka muzuri?

CONSTANTIN: Niliamka vizuri, nikasali, nikanywa chai isiyo na sukari kama daktari alivyotaka. Na huko Bel-Air, Madame Estelle anaendeleaje na—

KEREN: Eko muzima. Kambo, nisikilize—

CONSTANTIN: Na mama yake aliyekuwa akiumwa mguu?

KEREN: Alishapona, anatembea, anagombana na bantu ku soko. Kambo, tafazali. Clovis eko njiani na moto yake. Anakuya kuchukua ordinateur.

CONSTANTIN: Clovis yule manseba wa pikipiki anayepakia abiria watatu kwa mpigo na gunia la unga juu yao?

KEREN: Ule ule. Nilimuambia leo asibebe muntu, abebe ordinateur tu, ile kompyuta yangu. Zima mashini, Kambo, vile nilikuonesha asubui. Kiisha uifunike na blanketi.

CONSTANTIN: Haiwezekani.

KEREN: Namna gani haiwezekani?

CONSTANTIN: Sijamaliza.

KEREN: Kambo, nilisema ujaribu. Kidogo tu. Ucheze, uniambie kama muzee anaelewa ama haelewi.

CONSTANTIN: Ulinipa kazi. Tangu lini ukaniona nikipewa kazi na kuiacha katikati?

KEREN: Lakini ni muchezo.

CONSTANTIN: Ni wewe uliyenionya nisiudharau. Ulisema umeujenga mwenyewe, ukuta kwa ukuta, njia kwa njia, wakati wenzako wanatembea mjini. Nami nimeuheshimu. Nimevaa miwani ya kusomea misa.

KEREN: Nakushukuru, Kambo. Sasa uvue miwani, uzime.

CONSTANTIN: Unaniamuru, Mama?

KEREN: Weye njo unaniitaka Mama. Unasemaka nilibeba jina ya mama yako, Kalaba, eti njo maana haunigombezake. Bon. Leo mama yako anakuambia: zima mashini.

CONSTANTIN: Mama yangu mzazi hakuwahi kuniita nitoke kazini kabla ya zamu kwisha. Alikuwa mwanamke mwenye adabu zake.

KEREN: Kambo...

CONSTANTIN: Nenda polepole, usikimbie. Sikuambii wewe, namwambia huyu hapa.

KEREN: Nani huyo hapo? Kuko muntu ku nyumba?

CONSTANTIN: Nitakueleza. Kwanza nieleze wewe kwa nini una haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni.

KEREN: Ju Madame Estelle anafungua salle yake ya michezo leo, kisha muchana. Ile screen ya karibu na mulango, yenye batoto bote banaona bakiingia, amesema ni yangu kama muchezo inatembea. Nimeshaweka kamba zote, nimepangusa bivumbi, bado ordinateur tu. Na yeye anazunguka hapa na funguo zake. Anasema, mutoto wangu, batoto ba Bel-Air banataka mupira na magari, lakini lete, nitaangalia na macho yangu. Nikifungua mulango na screen yako iko nyeusi, naweka mupira, na tusiongee tena.

CONSTANTIN: Ni mwanamke anayesema waziwazi. Hilo ni jambo jema.

KEREN: Haiko jambo jema kama ordinateur iko Ruashi. [mlio wa mbali: tiii... tiii...] Kambo. Ile ni nini?

CONSTANTIN: Ile ni mashine yako ndogo ya chini ya meza. Imeanza kulia punde hivi.

KEREN: Convertisseur inalia? Umeme ilikatika?

CONSTANTIN: Ulikatika tangu asubuhi, ulipotoka tu. Nikaunganisha na betri ya gari kama ulivyonielekeza. Unadhani sikusikiliza?

KEREN: Na unacheza na betri tangu asubui. Ayi, Kambo. Ikilia vile, betri iko inaisha. Na ile disque haipendi kukatikiwa. Ilishakatikiwa mara moja mwaka uliopita, nikalia siku tatu, unakumbuka? Kazi yote ilipotea. Ikikatika tena, muchezo inakufa. Copie yenye niko nayo ku clé ya USB ni ya zamani, haina hata milango.

CONSTANTIN: Nakumbuka ulivyolia. Ndiyo maana natembea haraka kadiri adabu inavyoruhusu. Lakini siwezi kuzima. Wa nne bado yumo ndani.

KEREN: Wa nne nani?

CONSTANTIN: Wa kijani. Watatu nimekwisha kuwatoa.

[mtandao unakwaruza]

KEREN: Kambo, network inanizungusha. Nimesikia unasema uliwatoa.

CONSTANTIN: Umesikia sawasawa. Mwekundu, wa bluu na wa manjano. Nilimtangulia kila mmoja mpaka mlangoni, nikasimama pembeni, akapita. Mwekundu alinisumbua, ana papara. Nilimjua mtu wa namna ile.

KEREN: [anacheka] Mais Kambo, bale ni bafantome, mizimu ya muchezo. Beko banakukimbiza. Banataka kukukamata, unapoteza uzima, unaanza tena. Weye unapaswa kuwakimbia, kuokota bijetoni, kutoka peke yako.

CONSTANTIN: Hivyo ndivyo ulivyonieleza asubuhi, nami nilishangaa, ila sikutaka kukuvunja moyo.

KEREN: Kushangaa nini?

CONSTANTIN: Kwamba jetoni inaokotwa kama peremende, halafu mtu anakimbia nayo. Jetoni haiokotwi, Mama. Jetoni hukabidhiwa, na hurudishwa kwa mwenyewe.

KEREN: Sijue ile maneno.

CONSTANTIN: Kwa sababu sikuwahi kuyasema. Chini mgodini, katika timu yangu, kabla ya kushuka, kila mtu alimpa kapita, yaani msimamizi wa zamu, jetoni yake, kipande cha shaba chenye namba. Kapita alizitia katika mfuko wa shati na kuufunga kwa kifungo. Zamu ilipokwisha, alisimama mlangoni akamrudishia kila mtu ya kwake, mkononi, kwa jina lake. Na kapita hatoki mpaka mfuko uwe mtupu. Sasa mimi nakaa mbele ya mchezo wako. Naona njia za chini, giza, kuta. Naona mtu mmoja mwenye jetoni mkononi. Nyuma yake naona watu wanne wanamfuata kila anakokwenda. Ungefikiri nini?

KEREN: Ningefikiri ni kapita na watu wake.

CONSTANTIN: Basi.

KEREN: Lakini bafantome yangu banauaka.

CONSTANTIN: Hawaui ukishika jetoni yenye rangi yao. Wanalegea, wanafuata kama watu waliochoka. Wewe umeandika hivyo, si mimi.

KEREN: Niliandika balegee kidogo, ili muntu apate nafasi ya kukimbia. Sikufikiri muntu atabaongoza ku mulango. Na mulango inabaacha bapite?

CONSTANTIN: Mlango hauna kosa. Mtu akifika, anapita.

KEREN: [kwa sauti ya chini] Sikuandika kama bafantome hawapiti. Nilisahau. [tiii... tiii...] Kambo, inalia tena. Tutaongea mangaribi. Bonyeza kile kitufe—

CONSTANTIN: Subiri, kuna mtu anabisha hodi. [sauti za mbali] Ni Clovis. Amekuja na kamba na kiti cha gari, anasema ataifunga mashine kama bibi harusi. Nimemwambia akae, anywe maji. Anasema Madame Estelle amempigia simu mara mbili.

KEREN: Na mie ananiangalia hapa kama deni. Kambo, nakuomba. Acha ule wa kijani. Nitakuletea ordinateur mangaribi, utamutoa.

CONSTANTIN: Nimejaribu kila njia. Nimemkaribia kwa juu, kwa chini, nimeishika jetoni yake mbele ya macho yake. Analegea kama wenzake, ila hafuati. Amesimama katika ile kona ya kushoto, anageuka huku na huku. Kuna kosa gani?

KEREN: Hakuna kosa. Ule ni mulinzi. Bengine banafuata, yeye nilimuambia abakie.

CONSTANTIN: Nani alimwambia abakie?

KEREN: Mie.

[mtandao unakwaruza]

KEREN: Kambo? Uko unanisikia?

CONSTANTIN: Nakusikia. Si wewe.

KEREN: Namna gani si mie? Mie njo niliandika.

CONSTANTIN: Jetoni ya kijani ina namba mia mbili kumi na nane. Imekwaruzwa pembeni, kwa juu. Umeitoa wapi?

KEREN: Pa musumari. Ile jetoni ya shaba iko juu ya mulango yetu, yenye hatugusaka. Nilikosa namna ya kuchora jetoni, nikapanda pa kiti, nikaiangalia muzuri, nikachora vile iko. Zile ingine tatu nilitunga. Kambo, sikuishika na mukono, naapa. Niliangalia tu.

CONSTANTIN: Sikukulaumu.

KEREN: Tulikuwa tunafikiri ni yako.

CONSTANTIN: Yangu ilibaki mgodini siku niliyostaafu.

KEREN: Donc ile ni ya nani?

CONSTANTIN: Samaki wa Pweto aliowaleta mjomba wako Désiré, umewagawa?

KEREN: Kambo, nimeuliza—

CONSTANTIN: Nami nimeuliza.

KEREN: Nimegawa. Fungu letu, fungu ya parokia, na fungu ya Mama Annie, kama kila mara. Niko naipeleka kwake kesho.

CONSTANTIN: Kila mara. Na wewe hukuuliza hata siku moja kwa nini Mama Annie, ambaye si wa ukoo wetu, anakula samaki wetu kabla yetu.

KEREN: Tuliuliza. Ulikuwa unatutuma tukachote maji.

CONSTANTIN: [kikohozi] Mume wake aliitwa Chola. Alikuwa mtu wa maskhara, akiimba vibaya kwa makusudi ili tucheke. Aliambiwa abaki kulinda kona, kwa muda mfupi tu. Sisi tukapanda, yeye hakupanda tena, na jetoni yake ikabaki mfukoni mwangu. Clovis, nimesema kaa. Kikombe kingine cha maji kipo pale.

[tiii... tiii... tiii...]

KEREN: Kambo.

CONSTANTIN: Najua. Inalia kwa haraka zaidi sasa. Nielekeze namna ya kuzima. Umenipa kazi, nami nimeshindwa sehemu yake, niseme hivyo bila kuzungukazunguka. Kitufe gani?

KEREN: Ngoja.

CONSTANTIN: Huna muda wa kungoja. Kazi yako ni—

KEREN: Nimesema ngoja, Kambo. Leo mie ni mama yako. Juu ya clavier, ule mustari wa kwanza, kuko kitufe imeandikwa F na mbili. Uibonyeze.

CONSTANTIN: Pametokea kisanduku cheusi chini ya picha. Mna maandishi.

KEREN: Njo kisanduku changu. Njo naambiaka bafantome cha kufanya, bila kufunga muchezo. Unisomee.

CONSTANTIN: "Nyekundu, fuata. Bluu, fuata. Manjano, fuata. Kijani, bakia."

KEREN: Peleka kale kamustari kanawakawaka mpaka nyuma ya neno ya mwisho. Na mishale, kama vile unatembea. Kiisha ufute ile neno.

CONSTANTIN: Mama, subiri. Huu si udanganyifu? Sitaki atolewe kwa hila. Atoke kwa miguu yake.

KEREN: Haiko hila. Sheria ni yangu, niliandika mie, nageuza mie. Kutembea atatembea yeye.

CONSTANTIN: Na Madame Estelle? Juzi ulinisimulia kwamba ulipomweleza mchezo, alimpenda huyo mlinzi kuliko vyote. Alisema ndiye atakayewafanya watoto warudi kesho na kesho kutwa.

KEREN: Alisema vile.

CONSTANTIN: Basi ukishaipokea mashine huko, utamrudisha akae kwenye kona?

[sauti ya funguo, mtu anaita "Keren, na sasa?"]

KEREN: Nakuya, Madame. [kwa sauti ya chini] Hapana, Kambo. Sitamurudisha. Futa.

CONSTANTIN: Nafuta. Herufi moja... nyingine... Limekwisha. Ni patupu.

KEREN: Sasa andika: fuata.

CONSTANTIN: Effe. U. A. Té. A. Nakusomea tena: effe, u, a, té, a. "Kijani, fuata." Sahihi?

KEREN: Sahihi. Sasa F na tano, ili ikumbuke hata kama umeme inakatika. Kiisha F na mbili tena, kisanduku kiondoke.

CONSTANTIN: Tano. Imeandika "nimehifadhi". Mbili. Nimerudi ndani.

KEREN: Haraka, Kambo.

CONSTANTIN: Mtu aliyekaa gizani muda mrefu haongozwi haraka. Nimeshika jetoni yake. Nasogea. [tiii] Ameinuka.

KEREN: Anafuata?

CONSTANTIN: Usinisemeshe.

[mtandao unakwaruza, tiii, tiii, tiii]

CONSTANTIN: Njoo. Kushoto hapa. Taratibu, Chola, ukuta uko karibu. Wenzako wako juu wanakungoja, mwekundu amekwisha kuanza kulalamika njaa. Sasa kulia. Usigeuke nyuma. Hakuna tena kitu cha kulinda kule. Hapa kuna njia ndefu iliyonyooka. Uliichora ndefu mno, Mama.

KEREN: Nisamehe.

CONSTANTIN: Mlango ule. Nasimama pembeni. Pita. [tiii, tiii] Amepita.

KEREN: Na weye, Kambo. Weye pia utoke.

CONSTANTIN: Natoka. [tiii] Nimetoka.

KEREN: Screen inaonesha nini?

CONSTANTIN: Haioneshi kitu. Njia tupu. Hakuna mtu hata mmoja.

KEREN: Sikuandika mwisho ya namna ile. Sikujua kama inawezekana. Nitaandika kintu, nitaweka ngoma, ama maneno ya bravo—

CONSTANTIN: Usiweke chochote. Zamu inayokwisha vizuri inafanana na hivyo.

KEREN: Bon. Zima sasa. Kitufe ya pembeni, ujibu "ndiyo".

CONSTANTIN: Ndiyo. Inaaga... imezimika yenyewe, kwa utaratibu. Clovis anafunga blanketi. [tiiiiii, kisha kimya] Na ile mashine ya chini ya meza nayo imekata roho. Imetungojea, maskini.

KEREN: Disque iko salama. Asante Mungu. Kambo, uko unalia?

CONSTANTIN: Nina mafua tangu jana. Clovis anatoka. Nimemwambia akirusha tope hata moja juu ya blanketi, nitakwenda kwa baba yake. Sasa wewe, Madame Estelle utamwambia nini kuhusu mlinzi?

KEREN: Nitamuambia muchezo imebadilika. Haiko ya kukimbia tena, ni ya kutoa bantu. Akikataa, aweke mupira.

CONSTANTIN: Mwambie umesimama wima. Kama unaongea huku umeinama, atakukatalia.

KEREN: Nasimama wima. [sauti ya simu: salio lako la unite linakaribia kwisha] Kambo, unite inaisha. Mangaribi nikirudi, utanieleza yote? Bila kunituma maji?

CONSTANTIN: Huenda nikachelewa kidogo. Samaki wa Mama Annie usihangaike nao kesho. Nawapeleka mimi, leo hii.

KEREN: Weye mwenyewe? Na magoti yako? Kutoka kwetu mpaka ng'ambo ya soko—

CONSTANTIN: Nimepanda kiti, Mama. Nimefika kwenye msumari. Jetoni si nzito kama nilivyodhani.

KEREN: Uko pa kiti? Kambo, shuka. Shuka polepole. Umeitoa?

CONSTANTIN: Imo katika mfuko wa shati. Nimefunga kifungo.

KEREN: Ngoja basi Clovis akirudi akupeleke na moto, ama—

CONSTANTIN: Nitakwenda kwa miguu. Ila nikate simu sasa, nitafute koti langu la Pasaka. Jetoni ya mtu haipelekwi nyumbani kwake ukiwa na shati la—

[simu inakatika]